Besi Kwenye Meza ya Fundi Redio

Leo Fender hakuwa mpiga gitaa. Alikuwa fundi redio. Mwaka 1938 alifungua duka la kutengeneza redio katika mji wa Fullerton, California, na wanamuziki wa pale walipoanza kumpelekea amplifaya zao mbovu ndipo alipoingia katika mambo ya magitaa. Mwaka 1951 akatoa besi ya umeme aliyoiita Precision, gitaa la nyuzi nne lililochongwa kwenye ubao mzima usio na tumbo, likampunguzia mpiga besi adha ya kusafiri na ile besi kubwa ya mbao inayopigwa ikiwa imesimama wima. Nalitaja jambo hili kwanza kwa sababu vijana wanaoniletea besi hapa Singida mjini huanza kwa kuniomba radhi. "Shikamoo fundi. Samahani, najua wewe ni wa redio." Marahaba kijana, weka mezani. Besi ya umeme ilizaliwa mezani kwa fundi redio, na katika mkoa huu haijawahi kuwa na mganga mwingine.

Wapo wanaoitafuta historia ya dansi kwenye santuri na kwenye kanda za zamani za Radio Tanzania. Mimi naitafuta ndani ya tundu la besi, chini ya kile kibati kinachoshika volyumu na toni. Fungua skrubu, inua kibati, utajua nani alipita humo kabla yako na siku hiyo alikuwa na nini mkononi. Risasi ya kulehemu inayong'aa na iliyotambaa vizuri ni ya kiwandani, au ya fundi mwenye subira. Donge la kijivu lililofubaa, lenye ufa mwembamba wa duara kuzunguka waya, ni la mtu aliyekuwa na haraka au chuma chake hakikupata moto wa kutosha. Kipande cha waya wa simu, kapasita iliyong'olewa kwenye redio ya mbao, volyumu iliyokatwa mhimili kwa msumeno ili ienee: kila kimoja kina miaka yake, na kila kimoja kinaharibu sauti kwa namna yake.

Mkoa wa Singida ulianzishwa mwaka 1963, ukamegwa kutoka Jimbo la Kati. Wakati huo dansi lilikuwa limeshaota mizizi kandokando ya reli ya kati. Morogoro ilikuwa na Morogoro Jazz tangu 1944, na Cuban Marimba ya Salum Abdallah. Tabora ilikuwa na Kiko Kids na Tabora Jazz. Dar es Salaam watu waliotoka magharibi ya nchi walikuwa wameanzisha Western Jazz mwaka 1959. Treni iliyoiunganisha miji hiyo ilipita Manyoni na Itigi, kusini ya mkoa wetu, ikaendelea na safari yake. Singida mjini haikufika. Tawi la kutoka Manyoni hadi Kinyangiri lililojengwa miaka ya 1930 lilikuwa limeng'olewa miaka ya 1940, na hili tulilonalo leo lilikuja baadaye sana. Kwa hiyo katika miaka yote mizuri ya dansi, bendi iliyotaka kupiga Singida ilipakia vyombo kwenye lori na kuvumilia zaidi ya kilomita 100 za vumbi na makorongo.

Barabara ile iliandika ugonjwa wake ndani ya besi. Cha kwanza kulegea ni jeki, lile tundu linalopokea waya wa kwenda kwenye amplifaya. Nati yake inalegea kwa mtikisiko, mpigaji anaikaza kwa vidole, jeki yote inazunguka, na zile nyaya mbili za ndani zinajisokota hadi mmoja unakatika. Kabla haujakatika kabisa, besi inakata-kata: sauti ipo, haipo, ipo tena ukiinama. Mpaka leo, kati ya besi kuukuu zinazonijia zikiwa "zimekufa", ugonjwa mkubwa ni huo. Dawa yake ni kuirudisha jeki mahali pake, kuinyoosha ile chemchemi yake ili iibane plagi, kulehemu upya kwa waya wenye nyuzi nyingi ndani, usio mkavu, kisha kuikaza nati kwa spana huku umeishika jeki kwa ndani isizunguke. Kazi ya muda mfupi. Anayelipia hapendi kusikia hivyo, lakini ndio ukweli.

Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi, NUTA, kiliunda bendi yake, ile iliyokuja kuitwa Juwata, kisha OTTU, na ambayo watu wanaijua kama Msondo Ngoma. Huo ukawa mtindo wa nchi. Mashirika, majeshi na jumuiya za chama zikamiliki bendi, wanamuziki wakawa waajiriwa, vyombo vikawa mali ya taasisi. Ulikuwa na faida zake: mshahara ulipatikana, na mtu aliweza kuzeeka akiwa mwanamuziki. Lakini mpiga besi hakuwa na besi. Alikuwa na zamu. Besi ilipoharibika Alhamisi ilitakiwa Jumamosi, na aliyeileta kwa fundi mara nyingi alikuwa mtunza stoo, mtu asiyejua ilikuwa ikilia vipi kabla haijaharibika. Fundi aliulizwa jambo moja tu: inatoa sauti au haitoi? Swali la pili, sauti gani, lilikosa mwenyewe. Mzee aliyenifundisha kazi, ambaye kibanda chake kilikuwa karibu na soko, alikuwa akisema besi ya ofisi hairudi kushtaki.

Nilianza kushika chuma cha kulehemu kwake mwanzoni mwa miaka ya 1980. Ilikuwa miaka migumu. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha mwaka 1979, mafuta yamepanda bei, fedha za kigeni hakuna. Volyumu mpya ya gitaa haikupatikana madukani, wala uzi wa besi. Nyuzi zilichemshwa: unazivua, unazitia kwenye sufuria ya maji, zinatoa mafuta na uchafu wa vidole, unazianika, na kwa siku chache zinalia kama zamani. Zisipokaushwa vizuri zinashika kutu, na uzi wenye kutu unakula chuma cha shingo. Walipokosa kabisa walitumia waya wa breki ya baiskeli. Waya wa breki unafanya kazi kwa sababu ni chuma na sumaku inauona, ila hauna uzito wa kutosha kwa uzi wa chini, kwa hiyo unalegezwa mno hadi unagonga shingo. Wengi walidhani mkwaruzo ule ni wa umeme.

Chini ya meza ya mzee kulikuwa na makasha mawili, nayo ndiyo yaliyonifungua macho kuhusu jambo ninalotaka kulieleza kwa kirefu. Kasha la kwanza lilikuwa la redio za valvu, zile kubwa za mbao za miaka ya 1950. La pili lilikuwa la redio za transista: Philips zilizotengenezwa Arusha, na National za kile kiwanda cha Wajapani cha Dar es Salaam kilichoanza miaka ya 1960 na kilichotupa pia betri. Kasha la kwanza lilikuwa likiisha, la pili likijaa, maana redio za valvu zilikuwa zinakufa na za transista zilikuwa kila kijiji.

Sasa fikiria besi inavyofanya kazi. Chini ya nyuzi kuna pikapu, yaani sumaku zilizozungushiwa waya wa shaba mwembamba kuliko unywele, kiasi cha milimita 0.06, mizunguko maelfu kwa maelfu. Uzi wa chuma unapotetemeka unausumbua uga wa sumaku, na umeme mdogo sana unazaliwa ndani ya koili. Umeme huo ni dhaifu. Hauwezi kusukuma kitu kizito. Ndiyo maana volyumu iliyowekwa na kiwanda ina ukinzani mkubwa, kilo-omu 250, ili isiunyonye. Pikapu ya Precision yenyewe ukiipima kwa mita inasoma kama kilo-omu 10 au 11.

Redio ya valvu ilikuwa na volyumu ya kilo-omu 500, au megaomu moja. Fundi wa miaka ya 1960 aliyeitoa humo na kuitia kwenye besi hakufanya dhambi. Sauti ilizidi makali kidogo tu, na toni ikirudishwa nyuma mambo yanakaa sawa. Redio ya transista ni habari nyingine. Transista za wakati ule zilihitaji ukinzani mdogo, kwa hiyo volyumu yake ni kilo-omu 5 au 10. Kwa macho zinafanana: duara la bati, miguu mitatu, mhimili. Fundi wa miaka ya 1970 na 1980 alichukua ile iliyokuwapo. Akailehemu, akagonga uzi, besi ikatoa sauti, akalipwa. Kumbe nusu ya nguvu ya pikapu ilikuwa ikiishia palepale kwenye volyumu kabla hata ya kufika kwenye waya, na makali yote, kile kishindo cha kidole kinapoachia uzi, kilikuwa kimekufa. Ukabaki mvumo. Mpigaji anasikika kama anapiga kutoka chumba cha pili.

Nimezikuta volyumu hizo za kilo-omu 10 ndani ya besi nyingi kuukuu kuliko kosa lingine lolote la mikono ya fundi. Ndiyo sababu naamini, na nalisema hili nikijua wapo watakaobisha, kwamba sehemu ya uzito tuliouzoea kwenye besi za zamani katika kumbi za mikoani haikuwa mtindo wa mpigaji. Ilikuwa ni kasha la mabaki. Mpigaji alisikia sauti yake imezama, akaanza kupiga kwa nguvu zaidi, akaongeza amplifaya, spika zikachanika karatasi, fundi akaitwa tena kwa ajili ya spika. Chanzo kilibaki ndani ya tundu, kikiwa kimefunikwa na kibati.

Kosa la jamaa moja na hilo ni la kapasita ya toni. Kapasita hiyo kazi yake ni kupeleka makali ardhini unapozungusha toni, na kawaida yake ni mikrofaradi 0.047. Zile ndogo za kauri huandikwa 473. Ipo nyingine inayoandikwa 474, sura ileile, na hiyo ni mara 10 yake. Tarakimu moja. Ukiiweka ya 474, toni ikifunguliwa yote huoni tofauti kubwa. Ukiirudisha kidogo tu, besi inaingia chini ya blanketi. Besi ikiletwa na mwenyewe anasema "toni haina kati, ni wazi au giza", namwambia kabla sijafungua kwamba tutaikuta hiyo. Na kapasita ikiwa imefika mwisho wa maisha yake na kujishikiza ndani, toni inakuwa volyumu ya pili: ukiirudisha, sauti yote inazimika.

Kuhusu vumbi sitasema mengi, kila mtu Singida analijua. Linaingia kwenye volyumu, na ukizungusha unasikia mkwaruzo. Mzee alisafisha kwa spiriti na tone dogo la mafuta ya cherehani. Sasa hivi ipo dawa ya kupuliza. Ninachoomba ni kimoja tu: mafuta ya alizeti yabaki jikoni. Najua yapo tele mkoani kwetu, na kwa wiki ya kwanza volyumu inakuwa laini kweli. Lakini mafuta hayo yakikaa kwenye hewa yanaganda na kuwa gundi. Nimekwisha kufungua volyumu ambayo mkono wake wa ndani ulikuwa umenata kabisa kwenye njia yake, na hakuna dawa ya kuiokoa ikifika hapo.

Baada ya 1984 milango ya biashara ilianza kufunguliwa, na chini ya Rais Mwinyi vitu vikaanza kuingia. Dansi la mikoani lilikuwa linachoka, na aliyelipokea gitaa la besi Singida alikuwa ni mwanakwaya. Hapa mizizi ni mirefu: Walutheri wa Augustana kutoka Marekani walifika Iramba miaka ya 1920, na uimbaji wa kwaya katika sehemu za Kiomboi, Kinampanda na Ruruma ni wa vizazi. Vijana wa makanisa walipotaka magitaa hawakungoja kontena. Walichonga. Ubao wa mninga, funguo za kukazia zilizotengenezwa kwa misumari ya boliti, pikapu iliyotolewa kwenye kisikilizio cha simu ya mezani au iliyozungushwa kwa mkono kuzunguka vipande vya sumaku ya spika. Kinshasa nako Konono Nº1 walikuwa wakipata sauti ya likembe zao kwa sumaku za vipuri vya magari, kwa hiyo akili hiyo si ya kwetu peke yetu. Koili ya simu ina mizunguko michache, sauti yake ni ndogo, lakini ukiipa kiamsha-sauti cha transista moja inasimama. Kwaya nyingi zilijifunza kupiga kwa besi za namna hiyo, na nikizikuta leo ghalani nazishika kwa heshima.

Kisha yakaja makontena ya misaada. Ndani yake mlikuwa na besi nzuri na amplifaya za Marekani za volti 120. Kwetu umeme ni volti 230. Amplifaya ya namna hiyo ikichomekwa moja kwa moja, fyuzi inakatika ndani ya sekunde ikiwa Mungu amependa. Ikiwa kuna mtu mwema aliyeifunga fyuzi kwa kipande cha waya, transfoma inaungua. Kanisa linabaki na besi nzima na amplifaya iliyokufa, na besi inachomekwa kwenye redio kaseti. Redio kaseti ina spika ndogo isiyoweza kutoa mtetemo wa uzi wa E, ambao ni mara 41 kwa sekunde. Watu wanasema besi mbovu. Besi haina kosa lolote.

Mkoromo, ule mngurumo wa umeme unaotoka kwenye spika hata nyuzi zikiwa kimya, ndio malalamiko makubwa ya makanisani, na una historia yake. Umeme wetu unapishana mara 50 kwa sekunde. Noti ya G kwenye uzi wa E, kituo cha tatu, ni 49. Kwa hiyo mkoromo wa Tanzania unakaa juu kidogo ya G, na kwaya ikiimba katika G unajificha ndani ya wimbo. Ikipanda nusu hatua tu, hata mtoto wa Sunday school anausikia. Fender mwenyewe alipambana nao: mwaka 1957 aliigawa pikapu ya Precision vipande viwili, kimoja kikiwa na sumaku na mzunguko wa kinyume cha mwenzake, ili mkoromo wa huyu uufute wa yule na sauti ya uzi ibaki. Jazz Bass ya 1960 ina pikapu mbili, na katika nyingi za aina hiyo mkoromo unaisha zote mbili zikifunguliwa sawasawa. Mpigaji akizima moja, unarudi. Huo si ugonjwa, ndivyo ilivyoumbwa.

Kipimo changu cha mkoromo ni mkono. Gusa nyuzi. Mkoromo ukipungua, waya wa ardhini unaopita chini ya daraja upo, kinachokosekana ni kinga ndani ya tundu. Ukiongezeka, waya huo umekatika au mtu aligeuza nyaya za jeki. Kinga tulikuwa tukiifanya kwa karatasi ya fedha ya pakiti za sigara na majani ya chai, ikagusishwa na ardhi kila mahali. Wengine walipaka ule unga mweusi wa ndani ya betri uliochanganywa na gundi. Wazo lao lilikuwa zuri, kaboni inapitisha umeme. Lakini unga huo una chumvi ya betri, na baada ya masika kadhaa nimekuta nyaya za koili zimegeuka kijani na kukatika. Hao walitibu mkoromo wakaua pikapu.

Koili iliyokatika huwa hainyamazi, na hapo wengi hudanganyika. Inatoa sauti nyembamba, kali, isiyo na tumbo, kwa sababu umeme kidogo unaruka pale palipokatika. Mita haidanganyiki. Chomeka waya kwenye besi, volyumu wazi, pima mwisho wa pili wa waya. Precision nzima isome kama kilo-omu 10. Ikisoma 250, unaipima volyumu peke yake na pikapu haipo. Ikisoma sifuri, kuna mahali pamegusana. Jazz yenye pikapu mbili wazi inasoma kama 4. Kabla ya yote hayo, badilisha waya wa nje. Mzee hakuniruhusu kugusa skrubu kabla sijabadilisha waya, kisha amplifaya, kisha betri, ndipo niende ndani. Nawafanyia hivyo hivyo wanaojifunza kwangu.

Jambo la ardhi nalisema kwa msisitizo kwa sababu linaua. Nyuzi za besi zimeungwa na ardhi ya amplifaya. Mahali penye jenereta isiyo na fimbo ya ardhini, au nyumba ambayo fimbo yake imekwama kwenye mwamba, na Singida ni mji uliokaa juu ya mawe, bati la amplifaya linaweza kubeba umeme. Mpigaji ameshika nyuzi, mdomo unagusa maikrofoni iliyounganishwa kwenye mashine nyingine, na njia inakamilika kupitia mwilini mwake. Kabla ya mkutano wa hadhara weka mita kwenye volti za AC, mguu mmoja kwenye nyuzi na mwingine kwenye wavu wa maikrofoni. Ikisoma makumi ya volti, asipande mtu jukwaani. Chimba shimo kwenye udongo, si kwenye mwamba, zika fimbo ya shaba pamoja na mkaa na chumvi, mwagilia maji, pima tena.

Ipo tiba moja ambayo malighafi yake ni ya kwetu kabisa. Pikapu kuukuu wakati mwingine inapiga mlio mkali sauti ikiongezwa, na ukiigonga kwa ukucha unasikia kishindo kwenye spika. Koili imelegea ndani, mizunguko inatetemeka yenyewe. Inatakiwa izamishwe kwenye nta. Misitu ya Itigi na Manyoni ina nyuki tangu enzi, na nta ya nyuki ilikuwa ikiuzwa nje ya Tanganyika tangu ukoloni. Nachukua sehemu moja ya nta hiyo na sehemu nne za mishumaa ya kawaida, nayeyusha kwenye kopo lililowekwa ndani ya sufuria ya maji ya moto, kamwe si juu ya moto wenyewe, joto lisizidi sana nyuzi 65. Pikapu inakaa humo hadi viputo vya hewa viishe. Nta ya nyuki inaipa mishumaa ulaini isipasuke ikipoa. Viwanda vya Ulaya na Marekani vinatumia mchanganyiko wa aina hiyo hiyo.

Besi zinazoingia siku hizi ni za mitumba kutoka Dar es Salaam, nyingi za Kichina na Kikorea, na nyingi zina saketi ya ndani inayotumia betri ya volti 9. Hiyo nayo ni kazi ya Leo Fender: baada ya kuiuza kampuni yake mwaka 1965, alirudi na wenzake na besi ya StingRay ya mwaka 1976. Betri inawashwa na kule kuchomeka waya tu. Kanisa linaloacha waya umechomekwa tangu Jumapili hadi Jumapili linakula betri, na betri ikishuka sauti inaanza kuchanika, wanasema spika. Badilisha betri kwanza.

Nyingine ni ile inayoongea puani. Pikapu mbili, kila moja peke yake inalia vizuri, zikifunguliwa pamoja tumbo lote linatoweka. Mtu alibadilisha pikapu moja akageuza nyaya zake, sasa moja inasukuma mwenzake akivuta. Geuza nyaya mbili za pikapu moja, basi. Ila hakikisha ule waya unaogusa bati la pikapu haugeuki kuwa wa sauti, la sivyo umenunua mkoromo.

Vijana hupenda kuing'oa pikapu ya zamani na kuweka mpya ya bei rahisi. Mimi napendelea kuizungusha upya. Nimetengeneza mashine kwa mota ya cherehani, na kikokotoo kidogo kinahesabu mizunguko kupitia swichi ya sumaku. Nusu moja ya pikapu ya Precision inakula karibu kilomita nzima ya waya, na mkono ukivuta kidogo tu waya unakatika, uanze upya. Waya wenyewe unauzwa kwa kilo, na kilo moja ina zaidi ya kilomita 30. Ni nyingi kwa fundi mmoja, kwa hiyo nachangia kilo hiyo na fundi wa Dodoma na mwingine wa Babati. Kila anayehitaji anapewa wake kwa basi, umezungushwa kwenye kigurudumu cha uzi, kwa sababu ukisafirishwa umelegea unajifunga mafundo na hauna kazi tena.